Kuku Mweupe wa Padri

Siku nguruwe walipoingia kanisani, mimi nilikuwa sina meno ya mbele. Kwa hiyo msiniulize mwaka. Ninyi wa rika langu mnajua kwamba miaka yetu tuliihesabu kwa meno, kwa nzige, na kwa mtu mkubwa aliyekufa. Lakini siku naijua. Ilikuwa Sabato, kwa sababu nilikuwa nimevaa ile kaptura ya Sabato iliyonibana mapajani, na nilikuwa nimekatazwa kuketi kwenye nyasi.

Kanisa letu lilikuwa juu ya kilima, kuta za udongo na paa la mabati. Chini yake, ng'ambo ya kijito, ilikuwa misheni ya Wakatoliki. Katikati palikuwa na ua wa miti ambao nguruwe wa Padri hawakuutambua. Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa, naye ndiye alikuwa amesimama mbele. Watu wanaoisimulia hadithi hii siku hizi huongeza kwamba alikuwa anasoma ile sura ya wanyama walio najisi. Si kweli. Alikuwa anatangaza mchango wa mabati.

Nguruwe jike aliingia kwa mlango wa akina mama, na watoto wake nyuma, wamepangana kama wanafunzi. Kanisa lote likasimama juu ya viti. Hakuna aliyetaka kumgusa. Wengine walisema hata kumpiga kwa fimbo ni kumgusa, kwa sababu fimbo iko mkononi mwako. Baba alimwambia kwa Kikisii toka, akamwambia kwa Kiswahili, na mwisho kwa Kiingereza, maana ni nguruwe wa mzungu. Nguruwe akaketi karibu na kikapu cha sadaka.

Basi mama yangu akainuka kule nyuma, na kitambaa chake cheupe kichwani, akapita katikati ya kanisa bila haraka. Akatoa sauti fulani kwa midomo, kama mtu anayebusu hewa. Yule nguruwe akageuka, akamfuata. Mama alitoka mlangoni, nguruwe nyuma yake, watoto nyuma ya nguruwe, wakateremka kilima hadi kijitoni. Na sisi, kanisa zima, tulikuwa madirishani tunawatazama. Aliporudi, viatu vimelowa, alikaa mahali pake. Baba alimaliza tangazo la mabati. Nyumbani hakuna aliyelitaja jambo hilo, si siku ile wala kesho yake.

Nguruwe walimjua mama kwa sababu ndiye aliyewapa maganda. Mama alikuwa mpishi wa Padri. Najua mtashangaa, mke wa mzee wa kanisa la Sabato kumpikia padri Mkatoliki, tena anayefuga nguruwe. Lakini tulikuwa watoto wengi na shule zilikuwa zinataka karo, na Padri alikuwa amefukuza wapishi wote waliokuwa wanaiba mafuta. Baba alikubali kwa masharti. Mama apike, lakini kitu cha jikoni mwa Padri kisivuke kijito. Kisivuke mkononi wala tumboni. Jioni akirudi aoshe mikono kwa majivu pale kijitoni, hadi kwenye viwiko. Na aliosha. Nilimwona mara nyingi, ameinama, anasugua kama anayesugua sufuria.

Padri alikuwa Mpolandi. Hilo tulilijua kama jina tu, hatukujua Polandi ni nini. Alikuwa mtu mnene, mwekundu, na kope nyeupe, na shingo yake ilikuwa na mikunjo. Sasa nawaambia jambo nililoliamini utotoni, na msicheke. Baba alikuwa ametufundisha kwamba mtu ni kile anacholishwa. Mimi nikamtazama Padri, nikawatazama nguruwe wake, walivyo wekundu na wenye kope nyeupe, nikaelewa kila kitu. Nilijua kwamba Padri alizaliwa mweusi kama sisi, kisha akala. Hapo ndipo hofu ikaniingia kuhusu mama. Kila jioni alipoingia nyumbani nilimsogelea karibu na taa nimkague masikio. Siku alipotoka kwenye jua kali na uso umeiva, sikulala vizuri. Yeye alidhani ninataka kupakatwa, akanipakata, na hapo ndipo nilipopata nafasi ya kuyaangalia vizuri yale masikio.

Nilikuwa na sababu ya kushuku, maana nilijua harufu ya jikoni kule. Tukitoka shule nilipitia misheni, nikakaa juu ya jiwe karibu na kuni, nikimngoja mama amalize. Ukutani mle ndani, juu ya meza, palikuwa na ubao mwekundu uliochorwa kuku mweupe aliyetandaza mabawa, na kichwani ana taji. Nilijua ni kuku kwa sababu ya mdomo na kucha. Nilifikiri Wapolandi humheshimu kuku, humvika taji, ndiyo maana hawamli, wanakula nguruwe. Hadi leo naona ilikuwa akili nzuri kwa mtoto asiye na meno.

Na kulikuwa na supu. Padri alikuwa na pipa la mafuta alilolikata tundu, humo anatundika nyama na kuifukizia moshi wa mpera. Nyama ile ilikwenda kwenye supu, pamoja na vitunguu saumu na kitu fulani kichachu. Supu yenyewe ilikuwa nyeupe, na yai lililokatwa nusu linaelea juu. Mama alipofunua sufuria, harufu ilitoka dirishani ikanijia mimi pale kwenye jiwe. Moshi kwanza, saumu baadaye, na uchachu mwisho kabisa, nyuma ya ulimi. Mate yalinitoka hadi kwenye magoti. Niliomba mara moja tu. Mama alisema si ya watoto, akafunga dirisha. Sikuomba tena, lakini jiwe sikuliacha.

Basi, hayo yalipita. Padri alizeeka akarudishwa kwao. Nguruwe wakaliwa na Wakatoliki. Baba akafa, mimi nikawa dereva wa malori, nikaoa, nikazeesha magari ya watu. Shule sikufika mbali, nilitoka nilipoanza kujua kusoma kibao cha barabarani. Sasa miaka ile ya juzi juzi, mnaikumbuka, kila mji mdogo ulikuwa na ofisi ya wakala yenye picha ya ndege dirishani. Vijana walikwenda Saudia kama wanaokwenda sokoni. Wasichana wa kazi za nyumbani, wanaume wa kulinda na kuendesha. Mimi nilikuwa na mvi, wakala akanitazama kichwa, akasema, "Mzee, paka rangi kwanza, halafu urudi." Nikapaka. Nilisafiri na kichwa cheusi kama cha kijana wa harusi, na huko rangi ilikuwa inanichuruzika shingoni kila nikitoa jasho.

Nilianzia Jeddah. Kafili wangu, yaani mwajiri aliyenidhamini, alikuwa mtu mpole, hakuwa na maneno, na siku ambazo familia yake haikuwa na safari nilikuwa nakwenda Ghulail, mtaa wa wageni. Ghulail ndiyo iliyonifundisha kula. Unapita kwenye vichochoro, huku Mchadi anachoma nyama, huku mama wa Kisudani anamimina uji wa mtama uliochacha kwenye kikaango, unakuwa kama karatasi. Unakaa chini na watu usiowajua, mnakula kwa sahani moja. Kwa hiyo nilipofika Riyadh, bosi alipohamishiwa huko, nilikuwa na imani kubwa sana na hoteli za watu wengine. Nilifikiri kila kabila likipika chakula chake, lazima kiwe kitamu. Imani hiyo niliiacha mtaa wa Al-Sulimaniyah.

Dada yangu Moraa ndiye aliyebaki nyumbani na mama. Alinipigia simu mchana mmoja niko nje ya duka nikimngoja madam, mke wa kafili. Hakuanza na salamu ndefu kama kawaida yake. Alisema mama hali. Si kwamba amekataa kwa hasira, ila chakula kikiletwa anakitazama, anasema si hicho. Wamejaribu kuku, wamejaribu mbuzi, wamejaribu omena. Daktari anasema tumbo ni zima, ni akili tu zimerudi nyuma, alishwe chochote atakachokubali, maana mwili unakwisha. Nikamuuliza sasa yeye mwenyewe anataka nini.

"Anataka supu ya Padri," Moraa akasema. "Kila siku. Namwuliza inapikwaje, ananiambia niende nikamwulize mama, kana kwamba mama si yeye. Kaka, wewe ndiye ulikuwa unakaa kule jikoni. Ilikuwa na nini?"

Nikamwambia nilikuwa nakaa nje, juu ya jiwe. Najua harufu, siijui sufuria. Moraa akasema basi fikiria, maana hapa siku zinakwenda. Kurudi nyumbani sikuweza. Pasipoti ilikuwa kwa kafili, na mkataba ulikuwa bado. Niliomba, nikaambiwa ningoje hadi Ramadhani ipite, nayo ilikuwa bado miezi kadhaa. Sikuwa na cha kufanya isipokuwa kufikiria, na kufikiria si kazi niliyoizoea.

Sasa tazameni mambo yanavyokwenda. Kila Ijumaa alasiri nilikuwa nampeleka madam kwa dada yake pale Al-Sulimaniyah, na ananiacha huru hadi magharibi. Nilikuwa nalala garini. Ijumaa iliyofuata simu ya Moraa sikulala, nilitembea, na kwenye mtaa wa nyuma, kati ya duka la simu na kinyozi, nikamwona kuku. Kuku mweupe, ubao mwekundu, taji kichwani. Nilisimama kama mtu aliyekutana na jirani wa nyumbani. Maandishi sikuhangaika nayo. Nilimwuliza mlinzi wa duka la simu, Mkenya wa Kakamega, hapo ni nini. Akasema ni hoteli ya Wapolandi, lakini Wapolandi wenyewe hajawahi kuwaona. Nikasema naingia kula, akaniuliza kwani nina ugonjwa gani.

Niliingia kwa mlango wa wanaume wasio na familia. Meza safi, maua ya plastiki, hewa baridi ya kuumiza magoti. Mhudumu alikuwa Mfilipino, akaniletea kitabu cha picha. Nikaonyesha kidole picha moja nyeupe nikidhani ni supu. Zikaja sambusa. Ndiyo, sambusa, zimekunjwa vizuri kabisa na kubanwa kingo, lakini hazikukaangwa. Zilikuwa zimechemshwa. Zilikuwa zimelala kwenye sahani, laini, zinateleza, kama kitu kilichotolewa kwenye gamba lake kabla ya wakati. Ndani viazi vilivyopondwa na jibini. Nilitia chumvi, nikatia pilipili. Hazikupokea. Nilikuwa bado na nusu sahani adhana ilipolia, wakateremsha shata ya mlango, wakapunguza taa, mhudumu akaenda zake jikoni. Nikabaki gizani peke yangu na zile sambusa za maji zikipoa, siwezi kutoka, mpaka swala ilipokwisha. Moraa aliponipigia nilimwambia bado natafuta.

Ijumaa ya pili nilikwenda na akili. Sikuonyesha picha, nilisema neno supu kwa kila lugha ninayoijua. Ikaja supu nyekundu. Nyekundu ya damu, ndugu zangu, na mvuke unatoka. Mimi nimelelewa Sabato, damu hatuli, nikairudisha nyuma kwa kidole kimoja. Yule Mfilipino akacheka sana, akasema mafi dam, mafi dam, yaani hakuna damu, akaenda akaniletea kiazi chenyewe, kile kiazi chekundu kinachotia vidole rangi. Nikaona aibu, nikanywa. Ilikuwa kama udongo wa shamba baada ya mvua, umetiwa sukari. Nilijiuliza watu waliompa kuku taji wamekosa nini. Nikanywa yote kwa sababu ya yule kijana, alikuwa amesimama ananitazama kwa matumaini.

Siku ile nilipompigia Moraa, alisema mama ameanza kuteleza kwenye kiti. Alisema, "Mikono yake naishika yote miwili kwa mkono wangu mmoja." Sikumweleza habari za viazi vyekundu.

Ijumaa ya tatu nilimwomba Mfilipino nione sahani kabla sijaagiza. Alikuwa ameshanizoea, akanipeleka hadi kwenye kidirisha cha jikoni, na nikaiona. Nyeupe, na yai nusu juu yake. Nilirudi mezani nikakaa wima kama niko kanisani. Ilipoletwa nilifumba macho, nikainamisha uso juu ya bakuli, nikavuta hewa. Hakuna kitu. Nikavuta tena. Siki na laban, maziwa yao ya mgando, basi. Hakuna moshi, hakuna ule mwisho wa nyuma ya ulimi. Nikaonja, ikawa ni kama mtu amechemsha laban akaisahau. Nilikaa pale sina hata hamu ya kuweka kijiko chini. Nikamwambia Mfilipino, mwite mpishi.

Mpishi alitoka akifuta mikono, tayari kwa ugomvi. Alinitazama, akamtazama Mfilipino, kisha akasema kwa Kiswahili safi cha pwani, "Mzee wangu, wewe ndiye Mkenya unayekula hapa kila Ijumaa? Nimeambiwa nikasema haiwezekani. Mkenya mwenye akili zake aje kulipia hivi vitu?"

Alikuwa Bakari, wa Mombasa, mtu wa makamo, Muislamu wa kuswali. Akakaa kwenye kiti cha mbele yangu, maana wateja wengine hawakuwepo. Nilimweleza yote, mama, Padri, jiwe, na Moraa anayengoja. Alisikiliza na kichwa amekiinamisha upande mmoja. Kisha akaniambia hoteli ile ilianzishwa na mama mmoja wa Kipolandi, mke wa injinia, akishirikiana na tajiri wa hapo. Mama huyo alimfundisha kila kitu, halafu mumewe akahamishwa, akaenda zake. Tajiri akabaki na picha na ubao. Supu ile inataka unga wa nafaka yao, mweusi mweusi kama wimbi, unaloweka na maji vuguvugu, unafunika, unaacha siku kadhaa karibu na jiko hadi uchache wenyewe. Tajiri alipoona ndoo zinanuka jikoni alisema halas, imetosha, tia laban na siki, yalla, mteja hangoji siku kadhaa.

Aliposema unga unaolowekwa hadi uchache, niliona mtungi. Sikuwa nimeukumbuka tangu utoto. Mtungi wa mama nyuma ya mlango wa jikoni la Padri, umefunikwa kwa jani la mgomba, sawasawa na mtungi uliokuwa nyumbani kwetu nyuma ya mlango wetu. Ule wa nyumbani ulikuwa wa uji. Uji wa wimbi uliochacha, tuliounywa kila asubuhi kabla ya shule, hadi tukauchoka. Unga wa Polandi haukufika kwetu, kwa hiyo mama alikuwa amemtilia Padri uji wetu. Nusu ya ile harufu niliyoililia pale kwenye jiwe nilikuwa nimeinywa asubuhi ileile.

"Hiyo umepata," Bakari akasema. "Bado moshi. Na moshi wenyewe, mzee wangu, tuseme ukweli, ni wa nyama gani?"

"Ya nguruwe," nikasema.

"Hapa mafi. Mimi natia soseji ya ng'ombe, na naona wazi kuna kitu kimekosekana, lakini nitajuaje? Mimi Muislamu, wewe Msabato. Sasa nani atatuonjea?" Tukacheka, wanaume wawili wazima, hoteli tupu, tunazungumza juu ya ladha ambayo hakuna aliyewahi kuitia kinywani. Kisha yeye akaacha kucheka kabla yangu. Akauliza polepole, kwa heshima, "Na mama yetu alikuwa akiipika bila kuionja? Miaka yote hiyo? Mimi mpishi, mzee wangu. Haiwezekani. Chumvi utaipimaje?"

Niliangalia lile yai nusu. Mtaniuliza kama nilikasirika au nilihuzunika. Hapana. Nilikumbuka masikio yake karibu na taa, nilivyoyageuza huku na huku, na yeye ametulia tu ananipakata. Yalikuwa meusi. Yalibaki meusi siku zote.

Kabla sijaondoka, Bakari aliniahidi kwamba ataficha ndoo juu ya kabati ambako tajiri hafiki, na Ijumaa ijayo ataniwekea bakuli moja la kweli, na nyama ya ng'ombe ataifukiza mwenyewe. Nikampigia Moraa nikiwa garini.

Nilianza na yaliyo rahisi. Uji wa wimbi uliochacha, badala ya sukari utie chumvi, saumu nyingi, yai la kuchemsha. Alifurahi, akasema kumbe ni hivyo tu, wimbi upo. Nikamwambia bado. Nikamwambia na nyama.

"Kaka, unajua hii nyumba ni ya nani?"

"Najua."

"Picha ya baba iko hapo ukutani anatuangalia. Mimi ni shemasi. Jumamosi nasimama mbele ya watu."

"Moraa, si mimi ninayeitaka. Wala si wewe. Mama ndiye anayeitaka, na wewe ndiye uliyeniambia habari za mikono yake."

Na ninyi mnaowajua Wasabato mtajua kwamba swali lake lililofuata ndilo lililoniambia kwamba amekubali. Aliuliza, "Nitapikia sufuria gani?"

Tulipanga kama watu wanaopanga wizi. Sufuria mpya, itakayobaki kwa jirani baadaye. Jirani alikuwa Mkatoliki, mama Peris, mjane mwenye maneno machache. Nyama ataileta yeye kutoka bucha la barabarani, ataitundika juu ya moshi kwake, kuni za mpera ziko. Moraa atapika kule kule kwa mama Peris, nje, na ataleta bakuli tu. Chakula kitapikwa Ijumaa mapema, kabla jua halijatua, Sabato isikikute. Kuhusu kuonja hakusema kitu, nami sikuuliza.

Ijumaa ilipofika nilimshusha madam, nikaenda kwa kuku. Bakari alikuwa amevaa kofia safi. Mfilipino alikuwa amenifutia meza mara mbili. Bakuli likaja limefunikwa kwa sahani, na Bakari mwenyewe akalifunua mbele yangu, akarudi hatua nyuma, mikono nyuma. Nitakuwa mkweli, ilinukia vizuri. Uchachu ulikuwepo. Moshi ulikuwepo, moshi wa ng'ombe. Ilikuwa ni kama kumwona mtoto wa mtu uliyemjua, umemtazama pua unasema ndiyo, umemtazama macho unasema hapana. Nilichukua kijiko. Simu ikalia.

Alikuwa Moraa, yuko nje, nasikia kuku wa mama Peris nyuma yake, kuku wa kawaida wasio na taji. Nilimwambia sema.

Alisema alimletea mama bakuli, akaketi naye kitandani, akaogopa kumtazama. Mama alinusa kwanza. Kisha akachukua kijiko mwenyewe, mkono wake mwenyewe, jambo ambalo hakulifanya tangu mwezi uliopita. Akaonja. Akatafuna midomo kidogo, akafikiria.

"Akaniambia ongeza saumu," Moraa akasema. "Ati Padri anaipenda kali. Nikaenda mbio kwa mama Peris nikaongeza. Nikarudi. Akala, kaka. Amekula yai, amekula nyama, amekula hadi nikamwambia pumzika. Imebaki kidogo chini. Sasa sikiliza. Akafunika bakuli kwa kiganja, hivi, akanivuta karibu. Akaniambia, hii usiwape watoto. Yule mdogo anayekaa kwenye jiwe, usimwonjeshe hata akilia. Baba yake atajua."

Nami nilikuwa nimeshika kijiko hewani. Nikamwuliza sasa yuko wapi. Akasema amelala, tumbo limejaa. Mama aliendelea kuila wiki baada ya wiki, na mwili ukarudi kiasi cha kukaa kibarazani tena. Alikufa mwaka uliofuata, mimi niko bado huko huko, na walimzika bila mimi, lakini hakufa kwa njaa.

Nilirudisha kijiko mezani, pembeni mwa bakuli. Nikasimama, nikampa Bakari mikono yangu yote miwili. Akalitazama bakuli limejaa vilevile.

"Mzee wangu, hata kuonja?"

"Nimeshaonjewa," nikamwambia.

Mfilipino alinifungulia mlango, akasema Ijumaa, na mimi nikasema Ijumaa. Nikapita kinyozi, nikapita duka la simu, mlinzi wa Kakamega akaniuliza leo wamenipa nini, nikamwonyesha mkono tu. Madam alikuwa tayari amesimama kibarazani kwa dada yake na mifuko yake. Nikawasha gari. Mtaa ule niliupita mara nyingi kabla mkataba haujaisha, na kila mara kuku alikuwa pale juu na mabawa yake. Sikuingia tena.